Pora kwenye Sufuria ya Wali

Katika nyumba nyingi za Maniema, kuanzia Kindu ukingoni mwa Lualaba mpaka Obokote upande wa msituni, kuku ana njia mbili za kufika mbele ya walaji. Ya kwanza ni mchuzi: akija mgeni, ikifika sikukuu au mtoto akipata diploma ya Serikali, anakamatwa kuku aliyekomaa, anakatwa vipande, anachemshwa mpaka akubali meno, kisha anaungwa kwa mawese na kitunguu. Ya pili ni choma ya barabarani na ya baa, mapaja juu ya wavu na pilipili pembeni, chakula cha kusindikizia chupa. Katikati ya njia hizo kuna nafasi ambayo karibu hakuna anayeikalia: kuku mdogo, mzima, aliyeokwa nyumbani jioni ya siku ya kazi, pasipo mgeni wala sherehe. Nadai kwamba nafasi hiyo ni ya pora, yule jogoo kijana wa miezi minne au mitano ambaye wafugaji humpita wakisema hajawa chakula bado. Tena nadai kwamba udogo wake si kasoro ya kuvumiliwa kwa sababu ya uhaba. Udogo ndio unaomfanya afae kuokwa mzima, kwa moto mchache, katika nyumba isiyo na umeme wa kutegemea.

Hoja hii haianzii jikoni, inaanzia bandani. Kuku jike wa kienyeji hutaga mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka, kwa mafungu ya 10 au 15, akaatamia siku 21, akaangua, akazunguka na vifaranga wiki kadhaa kabla ya kurudi kutaga. Nusu ya vifaranga hivyo, takribani, ni madume. Lakini kundi la majike wanane au kumi linatosheka na jogoo mmoja, na jogoo wa pili analeta vita zaidi ya mbegu. Kwa hiyo kila fungu linaloanguliwa linampa mwenye nyumba ziada ya mapora ambao hawatataga, hawataatamia, wala hawahitajiki kupanda. Desturi ni kuwaacha wakue mpaka wawe majogoo ya kilo mbili, ndipo wauzwe au wachinjwe. Desturi hiyo ina mantiki mahali ambapo chakula cha kuku ni bure na hatari ni chache. Mahali ambapo mwewe anapita kila asubuhi, wezi wanapita kila usiku, na kideri kinaweza kufuta banda zima kwa siku chache, kila mwezi wa kungoja ni bahati nasibu. Baada ya miezi mitano pora anaongeza uzito polepole na ugomvi kwa haraka, na nyama yake inaanza kukaza.

Mfugaji mzoefu atajibu kwamba dawa ya kideri ni chanjo, si kisu. Ana haki. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu: inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na tone moja jichoni, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, linamkinga kuku. Msumbiji na Tanzania zimeitumia kwa miaka mingi. Ila chanjo haibadilishi hesabu ya madume, inaiongeza. Banda lililochanjwa linabaki na mapora wengi zaidi, si wachache zaidi, na swali la wafanye nini linakuwa kubwa. Kuchanja majike na kula mapora ni kazi mbili za mfugaji yuleyule, na ya kwanza inaifanya ya pili iwe rahisi, maana anayejua kwamba makoo yake yatafika mwaka ujao haoni uchungu kuchinja ziada.

Sasa jikoni. Kinachoamua kama nyama itaokwa vizuri ni muda ambao joto linahitaji kufika katikati yake, na muda huo hauendi sambamba na unene; unakwenda na kipeo cha pili cha unene. Nyama yenye unene mara mbili haihitaji muda mara mbili, inahitaji karibu mara nne. Chukua pora aliyekwisha kusafishwa, gramu 650 au 700, umweke kando ya kuku wa kisasa wa kilo mbili. Wa pili anamzidi wa kwanza mara tatu kwa uzito, lakini kwa unene anamzidi kama mara moja na nusu tu, na hapo tayari muda wa kuiva umekuwa mara mbili. Wakati huohuo kila gramu ya pora imefunikwa na ngozi nyingi zaidi, karibu mara moja na nusu, na ngozi ndiyo inayobeba mafuta, chumvi na rangi. Tunaambiwa kwamba kuku mdogo hana nyama. Ni kweli ana nyama kidogo, ila ana sehemu kubwa zaidi ya kile ambacho walaji hukipigania.

Kuna jambo jingine, nalo ni ugomvi wa zamani kati ya kidari na paja. Kidari ni msuli mweupe, usiofanya kazi ndefu. Ukipita nyuzi 66 hivi za sentigredi unaanza kukamuka maji, na ukifika 75 na kubaki hapo unakuwa kama pamba. Paja linabeba mwili siku nzima. Limejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli, ambazo zinahitaji joto la juu zaidi na muda ili zigeuke jelatini laini. Kwa kuku mkubwa, moto unapomaliza kazi ya paja, kidari kimeshaharibika. Kwa kuku mdogo tofauti hiyo inapungua, kwa kuwa dakika za kungojeana ni chache, tena kolajeni ya mnyama mchanga bado haijafungana kwa nguvu na inalegea upesi. Judy Rodgers, mpishi wa mkahawa wa Zuni mjini San Francisco ambaye kuku wake wa kuokwa walimpa sifa kubwa, alisisitiza katika kitabu chake cha 2002 kwamba mnunuzi achague kuku wadogo na aache wakubwa. Wake walikuwa wa kilo moja na robo mpaka moja na nusu, wakatiwa chumvi siku moja mpaka tatu kabla ya tanuri la kuni. Aliyeyatetea hayo alikuwa na masoko ya California nyuma yake na angeweza kununua kuku wa ukubwa wowote. Hakuchagua mdogo kwa ufukara.

Lakini udogo una mpaka, na anayeutetea lazima auseme. Kware wa kufugwa, ambao Kenya iliwachangamkia kwa pupa mnamo 2013 na kuwachoka mwaka uliofuata bei zilipoporomoka, wana gramu 150 au 200 wakiwa hai. Ndege wa kiasi hicho anaiva ndani kabla ngozi haijapata rangi, na jiko la nyumbani halina ukali wa kumwahi. Njiwa yuko karibu na mpaka huohuo. Pora yuko mahali pazuri: mdogo kiasi cha kuiva sawasawa, mkubwa kiasi cha kuupa moto nafasi ya kufanya kazi yake ngozini.

Pingamizi linalofuata ni la kweli kuliko yote: oveni iko wapi? Wengi wa wakazi wa Kindu wanapikia makala kwenye mbabula, na hata mwenye oveni ya umeme hawezi kuipangia chakula cha saa moja jioni akiwa na hakika. Jibu limo ndani ya nyumba hizohizo, kwenye sufuria ya wali. Mpunga wa Maniema una historia inayojulikana. Watu wa pwani walipojikita Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, pamoja na biashara yao ya pembe na ukatili wa kukamata watumwa, walifungua mashamba makubwa ya mpunga; Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliufanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, na mpunga ukabaki baada ya dola yake kuanguka. Kule pwani wali haukamiliki mpaka upaliwe: maji yakikauka, makaa yanapunguzwa chini na mengine yanawekwa juu ya kifuniko, joto linakuja pande zote mbili. Mikate ya kumimina na ya sinia huiva hivyohivyo. Sufuria iliyopaliwa ni oveni. Ina sakafu yenye moto, dari yenye moto na kuta zinazorudisha joto ndani, na haihitaji waya wowote.

Namna ya kuitumia kwa pora inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa hapa ndipo wengi huharibu. Sufuria iwe nzito, ile ya aluminiamu iliyosubiwa, yenye kifuniko bapa. Kama kifuniko kina tumbo, sinia kuukuu la chuma linafaa zaidi. Pora atolewe uti wa mgongo kwa kisu imara au mkasi, afunguliwe kama kitabu, kisha kidari kikandamizwe kwa kiganja mpaka mfupa ulie. Hapo unene umekuwa mmoja karibu kila mahali, na mapaja yamesogea ukutani kwenye joto zaidi. Akaushwe kwa kitambaa safi, ndani na nje. Ngozi yenye maji haiwezi kupita nyuzi 100 mpaka maji yaishe, na rangi ya kahawia haianzi kuja kwa kasi kabla ya 140 hivi. Kila tone linaloachwa juu ya ngozi ni dakika za moto zinazopotea. Chini ya sufuria yapangwe makemba mawili au matatu yaliyomenywa na kupasuliwa kwa urefu, ili kuku asiguse chuma na ili mafuta yake yapate pa kuangukia. Alazwe ngozi juu. Makala yaliyoshika vizuri, yenye majivu meupe na yasiyo na moshi, yagawanywe: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Wengi hufanya kinyume, wakaunguza makemba na kutoa kuku mweupe kama wa hospitali. Baada ya dakika 25 kifuniko kifunuliwe kwa mara ya kwanza, kwa muda mfupi tu. Baada ya dakika 35 yaongezwe makala mapya juu, na kijiti kiwekwe kati ya kifuniko na ukingo wa sufuria, mvuke utoke. Huo mwanya wa kidole kimoja ndio unaotofautisha ngozi iliyokauka na ngozi iliyochemka. Mawese yaliyosagiwa pilipili yapakwe wakati huo wa mwisho, maana yakipakwa mwanzoni huungua na kuacha uchungu, na kitunguu saumu ndivyo hivyo. Kufikia dakika 45 au 50 kazi imekwisha. Kuku atolewe, apumzike dakika kumi kabla ya kukatwa.

Ndimu ikamuliwe mezani, si ndani ya sufuria. Si suala la ladha tu. Sufuria za kusubu hutengenezwa kwa metali chakavu zilizoyeyushwa, na utafiti uliofanywa Kamerun na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta sufuria za namna hiyo zikitoa madini ya risasi zilipochemshiwa maji yenye uchachu. Kuhusu chumvi, kipimo kinachofaa ni gramu moja na robo kwa kila gramu 100 za nyama na mifupa, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai kwa pora wa gramu 700, na ipakwe saa kadhaa kabla ya moto. Chumvi iliyopata muda haikai juu ya ngozi. Inaingia, inalegeza protini za msuli, na msuli uliolegea unashika maji yake wakati wa joto. Ikipakwa dakika ya mwisho ni kiungo tu.

Hapa tunafika kwenye lawama ambayo kila mtu anaijua: kuku wa kienyeji ni mgumu, kumwoka ni kutafuna kamba. Lawama hiyo inachanganya mambo matatu. La kwanza ni umri. Koo wa miaka mitatu hawezi kuokwa na asijaribiwe. Mahali pake ni sufuria yenye maji na saa tatu za subira. Pora anajulikana kabla ya kununuliwa: kipi cha mguuni ni uvimbe tu na hakijawa pembe, magamba ya miguu ni laini, upanga wa kichwani ni mfupi, na ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari inapinda ukiibonyeza kwa kidole kwa sababu bado ni gegedu. Muuzaji anaweza kudanganya umri, gegedu haliwezi. La pili ni moto: nyama ya pora ikichomwa kwenye moto mkali usiofunikwa inakauka upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mbichi, na mlaji anaita ukavu huo ugumu. La tatu, ambalo karibu halisemwi, ni saa ya kuchinja.

Misuli ya kuku haifi pamoja naye. Kwa muda baada ya kisu inaendelea kutumia nguvu iliyobaki, na nguvu hiyo ikiisha inakakamaa, nyuzi zikishikana bila uwezo wa kuachana. Kwa kuku hali hiyo huanza ndani ya saa moja hivi na kulegea baada ya saa nne mpaka sita. Nyama inayoingia motoni katikati ya kipindi hicho itakuwa ngumu hata kama mnyama alikuwa mchanga. Viwanda vya kuku vinalijua hilo, ndiyo maana huacha saa kadhaa zipite kabla ya kuondoa kidari kwenye mifupa. Nyumbani sisi tunafanya karibu kosa kamili: tunachinja saa kumi na moja, tunanyonyoa, tunaweka motoni saa kumi na mbili. Kwenye mchuzi kosa hilo linafichwa na saa mbili za kuchemka. Kwenye kuoka linajitokeza, na lawama anabebeshwa kuku. Achinjwe saa saba au saa nane mchana, achujwe damu yote kama desturi ya Kiislamu inavyotaka, utumbo utolewe mara moja bila kuupasua, apakwe chumvi, afunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, akae kwenye kivuli penye upepo mpaka saa kumi na mbili au saa moja. Chumvi na mapumziko vinafanya kazi kwa pamoja, na kungoja huko hakugharimu faranga.

Mwenye tahadhari atauliza kama si hatari kuacha nyama mbichi saa nne au tano katika joto la Kindu. Swali ni zuri, na jibu lina sharti. Ndani kabisa ya msuli wa mnyama mzima wa afya vijidudu ni vichache sana. Vimejaa kwenye utumbo na juu ya ngozi. Utumbo ukichelewa kutolewa au ukipasuka, mpango wote uvunjwe na kuku apikwe mchuzi hapohapo. Mwenye jokofu au barafu atumie. Ila salmonela na wenzake hawauawi na haraka ya kupika, wanauawa na joto: Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, limeweka nyuzi 70 katikati ya nyama kuwa kipimo, na Wamarekani wanakwenda mpaka 74 kwa kuku. Pora aliyefunguliwa anavuka vipimo hivyo mapema kuliko kuku mnene, kwa sababu ileile ya kipeo cha pili. Asiye na kipimajoto achome paja mahali penye unene zaidi na aangalie maji: yawe angavu, si ya waridi. Asihukumu kwa rangi ya mfupa. Mifupa ya kuku mchanga bado ina vinyweleo, na uboho wake hupenya nje unapopata joto, ukaacha doa jekundu au jeusi kando ya mfupa hata nyama ikiwa imeiva kabisa. Wengi wamerudisha pora motoni kwa ajili ya doa hilo na kumkausha bure.

Nimeliacha kwa makusudi mpaka sasa pingamizi la mama mwenye vinywa vinane. Kuku mmoja wa mchuzi analisha wote, si kwa nyama yake bali kwa mchuzi: kila tonge la ugali linapita kwenye ladha ya kuku, na anayekosa kipande hakosi kuku. Pora wa gramu 700 akiokwa, mnofu wake ni wa watu wawili, watatu wakibanana. Mbele ya hesabu hiyo sina ujanja. Kwa nyumba ya watu wanane na kuku mmoja, mchuzi unashinda, na atakayewaambia vinginevyo hajawahi kugawa chakula. Lakini si kila nyumba ina vinywa vinane kila jioni. Kindu ina walimu waliopelekwa kazini peke yao, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu waliopanga chumba wawili wawili, wajane wenye mtoto mmoja, maharusi wa juzi. Kwao kuku wa kilo mbili ni mzigo: ni ghali, ana nyama ya siku tatu, na jokofu halipo. Kwa miaka mingi wamekula kuku kwa kipande cha choma ya barabarani au hawakula kabisa, kwa sababu mapishi tuliyorithi yanadhani kila sufuria ina ukoo mzima nyuma yake. Na hata katika nyumba kubwa pora hakosi mbinu. Makemba yaliyokaa chini yake yamekunywa mafuta yote, nayo ndiyo yanayofanya kazi ya mchuzi. Yakiwekwa kando ya wali na sombe, mtoto aliyepata bawa tu hajalala na njaa.

Makala nayo yana wakosoaji, na wana sababu, kwa kuwa misitu inayozunguka miji ya Kongo inarudi nyuma kila mwaka kwa ajili ya mbabula zetu. Lakini hoja hiyo inamuunga mkono pora. Koo mzee anakula makala saa mbili au tatu. Pora aliyefunguliwa anamaliza ndani ya saa moja pamoja na kuwasha, na makala ya kifuniko, yakishaondolewa, bado yana uhai wa kuchemsha chai. Anayetaka kupunguza makala jikoni kwake aanze kwa kuangalia umri wa anachokipika.

Upande wa Lubutu, ambako msitu unaanza kwa kweli na mbuga ya Maiko iko jirani, ndege mdogo wa kuoka ana maana nyingine: kanga pori, na kila kinachonaswa. Hapo nina neno moja. Ndani ya misitu hiyo anaishi tausi wa Kongo, ambaye sayansi ilimfahamu mwaka 1936 tu, pale mtaalamu wa ndege James Chapin alipolinganisha unyoya aliouchukua Ituri mwaka 1913 na ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Haishi porini popote nje ya Kongo, analindwa na sheria, na idadi yake inapungua. Mtego wa kamba hauchagui kati yake na kanga. Pora wa bandani hana tatizo hilo, na kusema kweli ni mtamu zaidi.

Linabaki suala la ugawaji, ambalo naamini limewazuia watu kuoka kuku mzima kuliko ukosefu wa oveni. Kwenye mchuzi, mwenye mwiko ndiye anayejua: firigisi inamfikia baba, paja la pili linamfikia mgeni, shingo inamfikia aliyepika, na hakuna ushahidi. Katika jamii nyingi za ukanda huu ugawaji huo ulikuwa sheria. Uganda, kwa mfano, wanawake wa Kiganda hawakuruhusiwa kula kuku kabisa, ingawa wao ndio waliowapika. Kuku mzima mezani anavunja siri. Ana mapaja mawili na kidari kimoja, kila jicho limeyahesabu kabla ya kisu, na baba anayechukua nusu anaonekana akiichukua. Wapo watakaosema hiyo ni sababu ya kumwacha kwenye mchuzi, kwamba amani ya nyumba ina thamani kuliko ngozi iliyokauka vizuri. Mimi naona amani inayotegemea giza la sufuria ni ya bei rahisi mno. Hata hivyo firigisi haina haja ya kuleta ugomvi. Pamoja na ini inakatwakatwa ndogo, inakaangwa kwa chumvi na kitunguu wakati pora anapumzika, na kuchanganywa kwenye wali, ambako inamfikia kila mtu kidogo na haimfikii mmoja yote. Mifupa na uti wa mgongo uliotolewa mwanzoni virudi kwenye sufuria ileile na maji ya vikombe vitatu, juu ya makala yaliyobaki. Kufikia wakati wa kuosha vyombo kuna supu ya asubuhi, na kesho yake ichemshwe tena mpaka itokote kabla ya kunywewa.